Chupa ya Maharage Yaliyochemshwa

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za maabara, funguo nne na kufuli moja lisilo na ufunguo, ambalo na mimi nililikuta vile vile siku ya kwanza. Mkuu wa shule ameniomba niandike kumbukumbu zangu kwa ajili yenu wahudumu mnaobaki. Kanipa daftari jipya la karatasi za Mgololo na kalamu mbili, akasema nieleze nilivyopanda ngazi. Mimi sikupanda ngazi yoyote pale isipokuwa ile ya mbao ya kufikia rafu ya juu, na kidato chake cha tatu kimelegea, mkiangalie.

Nilikusudia kuandika kwa upole. Lakini Alhamisi, siku moja kabla ya kukabidhi, nilifungua daftari la maabara nikakuta jedwali la jaribio la maharage. Siku tano zote zimejazwa, hata Ijumaa ambayo haijafika, wino mmoja, mwandiko mmoja, namba zimejipanga safi kama watoto wa paredi. Nikaenda kabatini. Zile chupa mbili za chai zilikuwa zimezibwa pamba vile vile nilivyozisokomeza mwenyewe Jumatatu, ule uzi niliofunga shingoni haujaguswa, na themometa zetu fupi za siku hizi zimezama ndani, hazisomeki bila kutoa pamba. Hakuna aliyezifungua hata mara moja. Aliyeandika namba zile anajijua. Simtaji, maana nikimtaja mtamcheka yeye mkajisahau nyinyi. Lakini upole umeniisha, na nitawaandikia habari za maharage.

Mimi ni mtu wa Mbeya, wa vilima vya juu ya Ilomba, wakati Ilomba yenyewe ilikuwa mashamba na vijumba vichache. Nilisoma miaka miwili tu kwa mwalimu wa kanisa, mpaka nikaweza kusoma Zaburi bila kufuata mstari kwa kidole. Niliolewa, nikazaa mtoto mmoja, Tusekile, mume wangu akafa. Nikawa ninaishi kwa kupika pombe ya ulezi kama mama yangu alivyokuwa akipika. Niliipika kabla ya kubatizwa, na nikaipika baada ya kubatizwa, kwa sababu Tusekile alikuwa anakula kabla na anakula baada.

Kaka yangu alikuwa utingo wa lori la njia ya Iringa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini akaniambia kuna shule ya wasichana ya misheni huko Iringa inatafuta mwanamke wa kufagia na kuosha vyombo. Nikaenda. Mkuu wa shule alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, aliyewahi kuwa muuguzi, sisi tulimwita Bibi Mkuu. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo, Bibi Mkuu."

"Tangu ubatizwe, mkono wako umepika pombe?"

Sheria ya pale ilijulikana mji mzima: mpika pombe haajiriwi, na aliyeajiriwa akijulikana anafukuzwa siku hiyo hiyo. Swali la kwanza nilijibu kweli. La pili nilisema hapana. Lile hapana likumbukeni, maana litarudi.

Nilidhani nitaosha sufuria. Kumbe vyombo vyenyewe vilikuwa vya maabara, chumba kimoja chenye meza tatu, darubini moja ya kuangalia vitu vidogo, na mzee mmoja, Mzee Fidelis. Alikuwa Mhehe, Mkatoliki pekee katika misheni ile ya Kilutheri, na hakuna aliyejua aliingiaje. Alinisalimu "Kamwene", mimi nikamjibu "Ugonile" ya kwetu, tukaangaliana, tukaona afadhali Kiswahili.

Siku ya kwanza hakunifundisha chochote ila kuosha glasi. Majivu yaliyochekechwa, kisha limau, kisha maji mara tatu, kisha uinamishe juu ya kitambaa, usiifute. "Ukifuta unaacha nyuzi," aliniambia, "halafu wasichana watachora nyuzi zako kwenye daftari waseme ni mdudu." Nilicheka. Yeye hakucheka. Ilikuwa imekwisha kumtokea.

Siku ya pili alinionyesha daftari la maabara. Kila kitu kilichopimwa kiliandikwa mle, siku, saa, na namba. Akanipa sheria mbili, na hizi ndizo cheo changu chote. Ya kwanza, andika ulichokiona. Kama hukukiona, acha pengo. Ya pili, usifute kamwe. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lisomeke, uandike lililo sahihi pembeni. Nikamuuliza kwa nini kosa lisomeke. Akasema, "Mama Tusekile, mtu anayefuta leo anafuta kosa. Kesho atafuta kitu kingine."

Basi Bayolojia nilijifunza nikiwa nimesimama ukutani, na ndoo mkononi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nyinyi mna vyeti, lakini mnakaa nje kwenye ngazi wakati kipindi kinaendelea, mnapiga soga, kengele ikilia ndiyo mnaingia kukusanya vyombo. Mimi niliona ngozi ya kitunguu, kitunguu cha kawaida kilichokuja na lori kutoka Mbuyuni, ikiwekwa chini ya darubini na tone la iodini, na ndani yake mna vyumba vyumba kama mji uliopimwa. Mzee Fidelis alinisukuma nichungulie wakati wasichana wamekwenda kula. Nilikuwa nimekata vitunguu maisha yangu yote na hakuna aliyeniambia kwamba nakata nyumba za watu. Niliona kiazi mviringo kilichochongwa kama kikombe, kikatiwa sukari ndani, kikakaa kwenye sahani ya maji, na kesho yake kikombe kimejaa. Niliona jani likichemshwa katika spiriti mpaka likawa jeupe kama shuka, kisha likatiwa iodini likageuka jeusi, ndiyo alama kwamba lilikuwa limejipikia chakula juani. Lile lililofunikwa kwa karatasi halikugeuka. Nilikasirika siku ile pia, nawaambia ukweli. Nilikasirika kwamba vitu hivi vilikuwa vinatendeka shambani kwangu miaka yote, na waliovijua walikuwa wamevifungia kwenye chumba chenye kufuli.

Mwalimu wa somo hilo aliitwa Mwalimu Elieza. Kijana, amesoma mbali, suruali yenye mkunjo unaoweza kukata mkate. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kitabu. Kilichokuwa kitabuni kilikuwepo duniani, na kisichokuwa kitabuni kilikuwa utovu wa adabu.

Mwaka ninaotaka kuwaeleza, wasichana wa darasa la mwisho walikuwa wamebakiwa na wiki mbili kabla ya mtihani. Mtihani ule ndio uliochagua nani aende uuguzi au ualimu na nani arudi nyumbani. Zilikuwa wiki za marudio. Mwalimu Elieza alianza mwanzo kabisa, sifa saba za kiumbe hai, wasichana wamesimama wanaimba: kinakula, kinapumua, kinakwenda, kinahisi, kinakua, kinatoa uchafu, kinazaa.

"Lori," alisema Mwalimu. "Linakwenda, linakunywa mafuta, linatoa moshi. Ni kiumbe hai?"

"Halizai, Mwalimu," darasa zima.

"Vizuri sana."

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Tabitha, Mbena wa upande wa Njombe, mwembamba, baba yake mkulima wa njegere. "Mwalimu, bibi yangu naye hazai tena. Ameacha kuwa hai?"

Darasa liliangua kicheko mpaka mimi nikaweka ndoo chini. Mwalimu Elieza alimwambia Tabitha asimame mpaka mwisho wa kipindi. Tabitha akasimama, na akaendelea kuandika akiwa amesimama, daftari kwenye kiganja. Nilimpenda siku ile, na nilimwonea huruma, maana nilikwisha kusikia kwamba nyumbani kwao kuna mtu mwenye ng'ombe anamsubiri afeli.

Jumatatu ya marudio ya upumuaji tukaandaa maharage. Nyinyi mnalijua jaribio, ingawa inaonekana mnalijua kwa kulisikia. Maharage yaliyolowekwa na kuanza kuota yanaingia chupa ya kwanza ya chai. Maharage yaliyochemshwa, yaliyokufa, yanaingia chupa ya pili. Themometa katikati, wakati ule ndefu yenye kutokeza nje, pamba mdomoni, chupa inalazwa. Yaliyo hai yanapumua, na kinachopumua kinatoa joto, kwa hiyo chupa ya kwanza inapanda. Yaliyokufa hayapumui, kwa hiyo chupa ya pili inabaki pale pale. Ndivyo kitabu kilivyosema. Niliyachemsha mwenyewe, nikayapoza mwenyewe, nikabandika karatasi mwenyewe: HAI, na nyingine: YAMEKUFA.

Kila asubuhi msichana mmoja alisoma themometa mbele ya wenzake na kuandika ubaoni. Jumanne sawa na kitabu. Jumatano sawa na kitabu. Alhamisi chupa ya pili ilipanda kidogo, na msichana aliyesoma akamwangalia Mwalimu usoni kabla ya kuandika, kisha akaandika namba ya jana. Mzee Fidelis aliona. Alitoa sauti kooni kama mtu aliyemeza mfupa.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Tabitha. Akasoma chupa ya kwanza: sabini na nane, kwa vipimo vya Kiingereza vya wakati ule. Akasoma ya pili. Akasoma tena. Akaandika ubaoni: themanini na moja.

"Futa," alisema Mwalimu Elieza.

"Ndiyo inavyosema, Mwalimu."

"Soma tena."

Akasoma tena. "Themanini na moja."

Mwalimu akaja mwenyewe, akainama, akatazama. Aliiona. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale na niliona macho yake yakiiona. Kisha akasimama wima akanigeukia mimi.

"Mama huyu hajui kusoma. Amebadilisha karatasi. Tabitha, andika themanini na moja kwenye chupa hai, na ya pili andika sitini na sita kama siku ya kwanza."

Jamani. Nilikuwa nimesimama pale, mkono wangu ndio ulioandika zile karatasi, herufi kubwa, bila kosa. Nikasema, "Mwalimu, fungua uangalie. Yaliyoota yana mikia." Hakufungua. Mtu mwenye haki angefungua. Alimwambia Tabitha achukue kifutio.

Tabitha alisema, kwa sauti ndogo sana, "Nikifuta, Mwalimu, nitakuwa nimesema uongo."

Ikawa kesi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amepelekwa kwa Bibi Mkuu kwa makosa mawili, kiburi na kughushi kazi ya maabara. Hukumu ilikuwa hii: aandike jedwali upya kama kitabu, amwombe mwalimu msamaha mbele ya darasa, la sivyo jina lake linatolewa kwenye orodha ya mtihani na barua inakwenda kwa baba yake. Alipewa mpaka Jumatatu afikirie. Msichana aliyeandika namba ya uongo Alhamisi alikuwa anakula ugali na wenzake kwa raha zake.

Nilirudi maabara nikafungua ile chupa ya pili mwenyewe. Harufu ilinipiga kabla pamba haijatoka yote. Maharage yalikuwa yanateleza, yana ute, na nilipotia kidole ndani, vuguvugu. Na harufu ile niliifahamu. Nilikuwa nimekua ndani yake.

Nitawaeleza, kwa kuwa nyinyi pombe yenu mnaikuta kwenye chupa yenye kizibo. Ukitaka kupika pombe ya ulezi, kwanza unauotesha. Unaloweka, unachuja, unafunika kwenye kikapu. Siku ya pili au ya tatu ukitia mkono unakuta joto, na mama yangu alikuwa anasema, "Kimea kina homa, kitandazeni," na usipokitandaza kinaungua. Hiyo ndiyo chupa ya kwanza ya Mwalimu Elieza, na kila mwanamke wa Mbeya aliijua bila kitabu. Halafu kuna machicha, makapi yanayobaki pombe ikichujwa. Machicha yamepikwa, yamekamuliwa, yamekufa kabisa. Unayatupa nyuma ya nyumba, lundo kubwa. Na asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya vilima vyetu inapouma masikio, lundo lile linafuka moshi, na kuku wote wa jirani wamelala juu yake. Kitu kilichokufa kinapata joto. Nilikuwa nakiona tangu sijaota meno ya pili.

Mzee Fidelis alikuja akanikuta nimeshika chupa.

"Unajua ni nini," alisema.

"Ni machicha, Mzee. Yameoza. Yanapata joto kwa kuoza."

"Basi nenda kamwambie Bibi Mkuu."

"Ataniuliza nimejuaje. Nenda wewe. Wewe ni Mkatoliki, unakunywa ulanzi kila Jumapili, watakufanya nini?"

"Mimi nakunywa tu," alisema Mzee Fidelis. "Ulanzi unatoka kwenye mwanzi, hauna machicha. Ataniuliza, nitakwama swali la kwanza."

"Niseme nilifanya togwa, isiyolevya."

"Togwa ya kutupa lundo la kufuka moshi? Uliwapikia jeshi?"

Yeye akachukua kitambaa, akaanza kupanga glasi kama kawaida. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Binti yuko chumba cha wagonjwa. Hajala. Matron wa bweni anasema hataki kuandika lile jedwali."

Mimi nilikuwa na Tusekile, miaka sita, amelala kwenye chumba tulichopewa na misheni. Nikifukuzwa, chumba kinakwenda na kazi. Sikusali. Watu wakisimulia mambo kama haya husema walisali. Mimi nilikuwa na hasira mno ya kusali. Nilikasirika kwamba mtoto wa watu anafungiwa kwa kusoma themometa, na kwamba mtu pekee anayejua sababu ni yule aliyesema pombe haijui. Nikafunga chupa, nikaishika kwapani, nikaenda ofisini na aproni yangu.

Bibi Mkuu alikuwa anaandika. Mwalimu Elieza alikuwepo pia, ameketi, miguu imebana pamoja kama mgeni.

"Bibi Mkuu, karatasi sikubadilisha. Haya hapa. Nusa."

Alinusa. Alikuwa muuguzi, hakukunja uso. "Yameoza."

"Yameoza, na kinachoyaozesha ndicho kinachotoa joto. Tabitha amesoma sawa."

"Maharage yaliyochemshwa yamekufa," alisema Mwalimu Elieza.

"Yamekufa, Mwalimu. Sijasema yamefufuka."

Bibi Mkuu aliweka kalamu chini. "Umejuaje jambo hili, Mama Tusekile?"

Nilimtazama. Nikaona bado naweza kusema mboji ya bustani, au samadi. Samadi nayo inapata joto, angenikubalia. Lakini wakati ule ule kulikuwa na msichana chumba cha wagonjwa aliyekataa kuandika namba moja ndogo.

"Kwa pombe, Bibi Mkuu. Machicha yakitupwa yanapata moto. Nimepika pombe kabla ya ubatizo na nimepika baada ya ubatizo. Uliponiuliza, nilikudanganya."

Mwalimu Elieza aliangalia viatu vyake. Nikaendelea kabla sijaishiwa nguvu. "Hayo yangu mtayahukumu. Lakini kwanza chemsheni mengine. Gawanyeni mara mbili. Nusu yaosheni kwa ile dawa ya zahanati ya kuulia vijidudu, nusu acheni. Na yaliyoota nayo yaosheni kidogo, yasije yakaleta maneno. Kama mimi mwongo hata katika hili, siku nne tutajua."

"Tutahitaji chupa ya tatu," alisema Bibi Mkuu. Akageuka, akachukua chupa yake mwenyewe ya chai iliyokuwa dirishani, akamimina chai yote kwenye chungu cha ua, akanipa. Ua lile lilikufa baadaye, lakini hiyo si kesi yangu.

Siku nne zile nilifanya kazi kama mtu aliyekwisha kufukuzwa. Tabitha alirudishwa darasani, jina lake limesimamishwa, halijatolewa. Bibi Mkuu alisoma themometa mwenyewe kila asubuhi, na Mwalimu Elieza pembeni yake, na daftari la maabara likaandikwa na Mzee Fidelis. Wasichana walisimama nje ya dirisha. Jumatano, siku ya nne, Bibi Mkuu alimwita Tabitha asome yeye. Chupa hai, sabini na saba. Yaliyochemshwa bila dawa, themanini na mbili. Yaliyochemshwa yakaoshwa dawa, sitini na sita, baridi kama maji ya mtoni.

Bibi Mkuu akamuuliza Tabitha, "Basi ni nini kinachopumua kwenye chupa ya pili?"

Tabitha alifikiri. "Si maharage, Bibi Mkuu. Maharage ni chakula. Kuna wengine wanaoyala, wadogo tusiowaona. Hao ndio wanaopumua."

"Vijidudu," Mwalimu Elieza alisema haraka, kama mtu anayewahi nafasi kwenye foleni. Vijidudu hivyo alikuwa amevifundisha mwenyewe mwezi uliotangulia, sura ya nne, kwamba ni viumbe hai, vina sifa zote saba. Sura ya nne na sura ya sita, ile ya upumuaji, zilikuwa kwenye kitabu kimoja, na hakuwahi kuzikutanisha.

Jina la Tabitha lilibaki kwenye orodha. Hakuombwa msamaha. Mwalimu aliliambia darasa kwamba jaribio limepata "maelezo ya ziada", na hadi leo sijui mtu anaombaje radhi kwa maneno hayo. Tabitha alifanya mtihani Jumatatu iliyofuata, akafaulu, akaenda uuguzi. Yule mwenye ng'ombe alioa kwingine.

Na mimi? Mwalimu aliyekosea alifundisha siku iliyofuata kama kawaida. Msichana aliyeandika namba ya uongo alifanya mtihani kama kawaida. Mimi niliyesema kweli nilitengwa meza ya Bwana na kuondolewa maabara muhula mzima, nikapelekwa kufua mashuka ya bweni. Nilidanganya, nakubali, na adhabu ya uongo naijua. Lakini hebu hesabuni wenyewe walikuwa waongo wangapi katika habari hii, na aliyefua mashuka ni nani. Bibi Mkuu hakunifukuza, alisema wazee wa kanisa ndio wataamua mwisho wa muhula. Chumba niliachiwa. Mzee Fidelis alishika ufunguo wangu mfukoni mwake muda wote huo, na kila Ijumaa alipita kwenye makaro kuniambia ni glasi ngapi zimevunjwa na aliyeshika nafasi yangu.

Siku moja alikuja Mwalimu Elieza. Alisimama mbali kidogo na maji, kwa ajili ya suruali.

"Mama, yale machicha. Yanaanza kupata joto siku ya ngapi?"

"Inategemea baridi. Ya pili, ya tatu."

"Na yakikauka?"

"Yakikauka yanapoa."

Akatoa karatasi mfukoni, akaandika. Nilisubiri aseme neno jingine. Akakunja karatasi yake tu. Basi nikampa pembe ya shuka, nikamwambia, "Shika hapa, tukamue," na akashika, na maji yakamwagikia mkunjo wake wote. Alikamua mashuka sita. Niliyahesabu kama msamaha, kwa kuwa mengine hayakuja.

Mwisho wa muhula wazee wa kanisa waliniletea karatasi niandike kwa mkono wangu: nilipika pombe baada ya ubatizo, nilimdanganya Bibi Mkuu, na ninajuta yote mawili. Nikiiandika, ninarudi maabara. Niliandika la kwanza. Niliandika la pili, na kwamba la pili ninalijutia. La kupika sikuandika kwamba ninalijutia, kwa sababu nilijitafuta nikaona sijuti, Tusekile alikuwa amekula. Pale nikaacha pengo. Mzee wa kanisa aliniambia pengo lile lijazwe. Nikamwambia nimefundishwa kuacha pengo pale ambapo sikuona kitu. Alikwenda nayo kwa Bibi Mkuu akinung'unika. Bibi Mkuu aliisoma, akaikunja mara nne, akamtuma Mzee Fidelis aniletee ufunguo.

Tangu hapo, kila mwaka, wiki ya marudio, maharage yamechemshwa na kuoshwa dawa katika shule ile, na kila mwaka nimeweka chupa ya tatu isiyooshwa, ili wasichana waone na wabishane. Nilipowaachia jaribio Jumatatu ya wiki ile ya kukabidhi niliwaandalia chupa mbili tu, kwa kuwa chupa ya tatu ilivunjwa na mmoja wenu na hakuna aliyesema. Nilitaka kuona kama mtaiulizia. Hamkuiulizia. Mliandika.

Sasa sikilizeni, nimemaliza. Kabla sijatoa funguo nilikaa mezani na lile daftari la maabara. Sikuchana ukurasa na sikufuta. Nimepiga mstari mmoja juu ya namba zote za siku tano, zinasomeka vizuri, na pembeni nimeandika kwa herufi kubwa, kama zile nilizobandika kwenye chupa wakati ule: HAKUNA ALIYEFUNGUA.